Wembe Mkali, Kinyoleo Kipole: Funzo la Maana na Maelekezo

1.0 Utangulizi

"Wembe huu haunyoi." Sentensi hii ina maneno matatu tu, na kila msemaji wa Kiswahili anadhani anaielewa. Hata hivyo, ikichunguzwa kwa makini, inaweza kubeba maana zisizopungua nne. Huenda makali ya wembe yamekwisha. Huenda wembe ni mpya lakini umefungwa vibaya katika kifaa chake. Huenda kila kitu ki sawa ila mkono wa anayenyoa umekishika kifaa kwa mwinamo usiofaa. Na huenda, mwisho, wembe una makali ya kutosha na mkono ni hodari, lakini kifaa chenyewe kimeundwa kwa namna ambayo makali hayaifikii ngozi ipasavyo. Kila mojawapo ya hali hizi ina dawa yake. Anayetumia dawa ya moja kutibu nyingine hupoteza fedha na wakati, na mara nyingi hupoteza pia tone au matone mawili ya damu kidevuni.

Makala haya yanashughulikia hali hiyo ya nne, yaani kifaa cha kunyolea kinachonyoa kwa upole kupita kiasi, na namna ya kukirekebisha. Yanalenga mambo mawili yaliyoshikana. Kwanza, yanaeleza jinsi kifaa hicho kinavyofanya kazi na hatua za kukiongezea ukali bila kuhatarisha ngozi. Pili, yanaonyesha kwamba makosa mengi ya urekebishaji huanzia katika lugha, hasa pale ambapo neno "ukali" linapotumiwa kwa mambo mawili tofauti. Hoja kuu ni kuwa makali ya wembe na ukali wa kifaa ni vitu viwili, na kwamba asiyevitenganisha kwa maneno hawezi kuvitenganisha kwa mikono.

Mada hii yaweza kuonekana ndogo. Mijadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kueleza sayansi na teknolojia huelekea kushughulikia tarakilishi, sheria na elimu ya viumbe. Ni nadra kushuka hadi kwenye vitu vilivyomo bafuni. Lakini lugha hupimwa pia katika mambo madogo. Ikiwa msomi wa Kiswahili hawezi kumweleza mdogo wake, kwa maneno yasiyo na utata, jinsi ya kurekebisha chombo chenye sehemu tatu na skrubu moja, madai makubwa kuhusu uwezo wa lugha hii yatabaki kuwa madai.

2.0 Tatizo la Jina

Katika matumizi ya kila siku, neno "wembe" hutumiwa kwa vitu visivyopungua vitatu. Kwanza ni kile kisu kirefu cha kukunjwa ambacho hunolewa kwa kusuguliwa kwenye mkanda wa ngozi. Pili ni kile kibati chembamba chenye makali pande mbili, kinachouzwa dukani kikiwa kimefungwa kwa karatasi, ambacho pia hukatia nyuzi na kuchongea kalamu za risasi. Tatu ni chombo kizima, pamoja na mpini wake, kama vile vile vya plastiki vinavyotumiwa siku chache na kutupwa.

Zamani mkanganyiko huu haukuwa na madhara. Wembe wa kukunjwa ulikuwa makali na chombo kwa wakati mmoja. Aliyeutaja mmoja alikuwa ameutaja mwingine. Utata ulizuka pale makali yalipotenganishwa na chombo kinachoyashika. Tangu hapo, agizo kama "badilisha wembe" halieleweki moja kwa moja: je, mtu atoe kibati na kuweka kingine, au akanunue chombo kingine?

Neno "mashine" nalo halisaidii sana. Katika maduka ya vinyozi mijini Kenya, mashine ni ile ya umeme inayopunguza nywele. Njia iliyo rahisi zaidi imo katika sarufi ya Kiswahili chenyewe. Kutokana na kitenzi "futia" tuna "kifutio". Kutokana na "chujia" tuna "kichujio". Kwa kanuni iyo hiyo, "nyolea" hutoa "kinyoleo", yaani kitu cha kunyolea. Katika makala haya, basi, "wembe" ni kibati chenye makali mawili pekee, na "kinyoleo" ni chombo kinachokishika kibati hicho. Mgawanyo huu ukishikiliwa, nusu ya kazi imekwisha.

3.0 Upole Ulikuwa Lengo

Ili kuelewa kwa nini kinyoleo huwa kipole, ni muhimu kutazama kwa ufupi kilikotoka. Katika karne ya 18, Mfaransa Jean-Jacques Perret, aliyekuwa fundi wa visu, alibuni kinga ya mbao iliyouzunguka wembe wa kukunjwa na kuacha sehemu ndogo tu ya makali ikijitokeza. Aliandika pia kitabu ambacho anwani yake ilitangaza sanaa ya kujifunza kujinyoa mwenyewe. Hapa panakumbusha methali yetu isemayo "Kinyozi hajinyoi". Kinga ya Perret ilikuwa hatua ya mapema ya kumwezesha asiye kinyozi kujinyoa bila kumtegemea mwingine.

Mwaka 1880, ndugu wa ukoo wa Kampfe wa New York walipata hataza ya kinyoleo chenye kinga mbele ya makali. Hata hivyo, wembe wake ulikuwa mnene na ulihitaji kunolewa mara kwa mara. Badiliko kubwa lililetwa na Mmarekani King Camp Gillette, aliyewazia wembe mwembamba wa bei nafuu ambao ungetupwa ukishakuwa butu. Tatizo lilikuwa jinsi ya kuipa bati nyembamba ya chuma ugumu wa kushika makali bila kuipinda. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyelitatua. Kampuni iliundwa Boston mwaka 1901. Mwaka 1903, ambao ulikuwa wa kwanza wa mauzo, viliuzwa vinyoleo 51 na nyembe 168 tu. Hataza ilitolewa Novemba 1904, na baadaye wanajeshi wa Marekani walipewa vinyoleo vya aina hiyo kwa mamilioni wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Funzo la historia hii ni moja. Kinyoleo hakikubuniwa ili kuufanya wembe uwe mkali zaidi, kwa kuwa wembe wa kukunjwa ulikuwa mkali tayari. Kilibuniwa ili kuupunguzia nafasi ya kudhuru. Upole si ila ya kifaa hiki. Ndio sababu ya kuwapo kwake. Kwa hivyo, anayetaka kukiongezea ukali anapunguza kwa makusudi kinga ambayo wabunifu waliiweka, na anapaswa kujua anapunguza kiasi gani.

4.0 Sehemu za Kinyoleo na Vipimo Vitatu

Kinyoleo cha kawaida cha wembe wa makali mawili huwa na sehemu tatu. Juu kuna kifuniko, ambacho kina mgongo uliopinda na skrubu inayoteremka katikati. Chini yake kuna bamba, ambalo kingo zake mbili ndizo kinga inayotangulia makali juu ya ngozi. Mwisho kuna mpini, wenye hesi ndani, unaoshika skrubu na kuzibana sehemu nyingine. Wembe huwekwa kati ya kifuniko na bamba. Mpini ukikazwa, kifuniko huubana wembe na kuupinda kufuata umbo lake, na makali hubaki yamechungulia pande zote mbili.

Kinga huwa za namna mbili. Kuna iliyonyooka kama ufito, na kuna yenye meno kama ya kitana. Ile ya meno hupitisha povu na ndevu ndefu kwa urahisi, ndiyo maana humfaa aliyekaa siku kadhaa bila kunyoa. Wengi hudhani kuwa kila kinyoleo chenye meno ni kikali. Dhana hii si sahihi, kwa kuwa ukali hutegemea vipimo vitatu vifuatavyo.

Kipimo cha kwanza ni mwanya, yaani nafasi iliyopo kati ya makali na kinga. Neno hili lilikuwapo katika Kiswahili kabla ya kinyoleo chochote. Huutaja uwazi kati ya meno ya mbele ambao wengi huuhesabu kuwa urembo. Mwanya ukiwa mdogo, ngozi haipati nafasi ya kujivimbisha kati ya kinga na makali, na wembe hukata kidogo. Ukiwa mpana, ngozi na ndevu huingia zaidi.

Kipimo cha pili ni mchomozo. Mtu achukue rula na kuiegemeza kwenye kifuniko na kinga kwa pamoja, kama ambavyo shavu lingeegemea. Ikiwa makali yanaivuka mstari huo na kuigusa rula, mchomozo ni chanya na kinyoleo ni kikali. Ikiwa makali yamebaki nyuma ya mstari, mchomozo ni hasi na kinyoleo ni kipole. Ikiwa yako sawasawa na mstari, mchomozo ni sufuri. Vinyoleo viwili vyaweza kuwa na mwanya ulio sawa kabisa na bado kimoja kikawa kikali kuliko kingine kwa sababu ya mchomozo.

Kipimo cha tatu ni pembe ambayo wembe hufanya na ngozi. Kwa kawaida pembe inayofaa hukaribia nyuzi 30. Tofauti na viwili vya kwanza, ambavyo huamuliwa kiwandani, pembe huamuliwa kwa kiasi kikubwa na mkono wa anayenyoa.

5.0 Ubutu si Upole

Kabla ya kurekebisha chochote, ni sharti kuthibitisha kwamba kasoro ni upole wala si ubutu. Hapa ndipo neno "ukali" linapopotosha. Mtu husema "wembe si mkali" huku akimaanisha kwamba hakuridhika na matokeo, na msikilizaji humshauri anunue wembe wa aina nyingine. Ananunua, anajaribu, na ndevu zinabaki zilivyokuwa. Hakukosea kuhusu matokeo. Alikosea kuhusu kitu alichokipa sifa.

Ngozi yenyewe hutoa ushahidi wa kutenganisha mambo haya mawili. Wembe butu huvuta. Anayenyoa huhisi kila udevu ukishikwa na kung'ang'aniwa kabla ya kukatika, na baadaye ngozi huwaka. Kinyoleo kipole, kwa upande mwingine, huteleza. Hakiumi wala hakivuti. Hupita shavuni kama kijiko na kuacha vishina vya ndevu nyuma yake. Kwa muhtasari, ubutu huuma na upole huacha. Yule anayeumia na pia kuachiwa vishina ana matatizo mawili, na aanze na ubutu.

Baada ya utambuzi huo, kuna mambo manne ya kukagua, na yafuatwe kwa utaratibu.

(a) Wembe mpya. Pawekwe wembe mpya wa aina ileile iliyotumiwa awali. Aina mpya ikiwekwa kwa wakati huohuo, haitajulikana kama kilicholeta nafuu ni upya au ni aina.

(b) Usafi na ulinganifu. Masalio ya sabuni na chumvi za maji hujikusanya kwenye bamba na kuuzuia wembe kulala vizuri. Sehemu zote zisuguliwe kwa mswaki wa zamani. Wembe ukishafungwa, kinyoleo kitazamwe kwa mbele: makali yajitokeze sawa pande zote mbili na kutoka ncha hadi ncha. Upande mmoja ukiwa mpole na mwingine mkali, wembe umekaa upande.

(c) Maji. Methali isemayo "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji" hufundishwa kama onyo la kujiandaa kwa yale yaliyompata jirani. Lakini ganda la methali hiyo limehifadhi hatua ya kiufundi isiyopaswa kurukwa. Udevu mkavu ni mgumu; ukinyonya maji hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo. Dakika mbili au tatu za maji ya uvuguvugu, kisha povu zito la sabuni, huweza kukifanya kinyoleo kilichodhaniwa kipole kionekane kimebadilika.

(d) Pembe. Kichwa cha kinyoleo kiegemezwe shavuni huku mpini ukiwa umetokeza mbele moja kwa moja, hivi kwamba kifuniko pekee ndicho kinachogusa. Makali hayatakata. Kisha mpini uteremshwe polepole, huku kinyoleo kikivutwa chini kwa mwendo mfupi, hadi sauti ya ndevu kukatwa isikike. Hapo ndipo pembe ilipo. Kinyoleo kipole huwa na nafasi finyu ya pembe zinazofaa; nyuzi chache juu au chini, nacho huacha kukata. Wengi wanaolalamikia upole hawajaipata pembe hiyo.

Mambo haya manne yajaribiwe moja baada ya jingine, ikiwezekana kila moja kwa siku kadhaa. Anayebadilisha mambo matatu kwa asubuhi moja hatajua lililomfaa.

6.0 Njia za Kuongeza Ukali

Iwapo ukaguzi umekamilika na kinyoleo bado kinaacha vishina, basi upole umo katika umbo lake. Kuna njia kadhaa za kukirekebisha, na si zote zinazofaa kila kifaa.

6.1 Vinyoleo vyenye kirekebishi

Baadhi ya vinyoleo huundwa vikiwa na sehemu ya kuzungusha chini ya kichwa. Gillette ilianza kuuza cha aina hii mwaka 1958, kikiwa na namba kuanzia 1 hadi 9. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo mwanya unavyopanuka. Kosa la kawaida kwa mwenye kifaa hiki ni kuruka kutoka 1 hadi 9 kwa hasira. Inapendekezwa apande namba moja tu, anyoe mara mbili au tatu, kisha aamue. Isitoshe, namba si kipimo cha ulimwengu mzima. Namba 3 ya kifaa kimoja yaweza kuwa kali kuliko namba 5 ya kifaa cha kampuni nyingine. Namba hulinganisha kifaa na chenyewe tu.

6.2 Mabamba ya kubadilisha

Vipo vinyoleo vinavyouzwa na bamba zaidi ya moja, kila moja ikiwa na mwanya wake. Kifuniko na mpini hubaki. Bamba ndilo linalobadilika. Njia hii ina faida ya uthabiti, kwani hakuna sehemu inayoweza kuteleza wakati wa kunyoa. Ikumbukwe tu kwamba bamba la kampuni moja halitegemewi kulingana na kifuniko cha nyingine, hata kama matundu yanaelekea kufanana.

6.3 Kiinulio

Mwenye kinyoleo cha kawaida kisicho na kirekebishi wala mabamba ya ziada ana njia ya gharama ndogo mno. Huweka kibati chembamba kisicho na makali kati ya bamba na wembe. Kibati hicho, ambacho hapa kinaitwa kiinulio, huuinua wembe kutoka kwenye bamba. Mwanya hupanuka, na mchomozo nao huongezeka kidogo.

Kiinulio hutengenezwa kutokana na wembe wa zamani ulioondolewa makali pande zote mbili. Matundu yake tayari yanaingiana na skrubu, na unene wake unajulikana: wembe wa kawaida una unene wa karibu milimita 0.1. Kiasi hiki kinaonekana si kitu. Lakini tuchukue kinyoleo chenye mwanya wa nusu milimita. Kukiongezea sehemu moja ya kumi ya milimita ni kuupanua mwanya wake kwa moja ya tano. Shavu hutambua tofauti hiyo mara moja.

Utengenezaji wake unahitaji hadhari. Chuma cha wembe ni kigumu na huvunjika kama kigae, na vipande huweza kuruka machoni. Wembe usikatwe kwa vidole. Uachwe ndani ya karatasi yake, ushikwe kwa koleo, na makali yavunjwe au yakatwe kwa mkasi wa bati huku macho yakiwa yamekingwa. Utumike wembe wa mtu mwenyewe uliosafishwa, kamwe si uliookotwa au uliotumiwa na mwingine, kwa kuwa damu kidogo mno inatosha kuambukiza maradhi kama vile homa ya ini aina ya B. Vipande vya makali visitupwe ovyo jaani. Viwekwe ndani ya kopo lililozibwa.

Kiinulio kikishawekwa, kuna majaribio matatu kabla ya kunyoa. Mpini ukazwe na kuhakikishwa kuwa hesi imeshika mizunguko ya kutosha. Ncha za wembe zijaribiwe kwa kipande cha mti, wala si kwa kidole, kuona kama unachezacheza. Kisha mwanya utazamwe pande zote mbili dhidi ya mwanga. Jaribio lolote likishindwa, kiinulio kiondolewe. Kiinulio kimoja kwa kawaida chatosha. Anayehitaji vitatu hana haja ya viinulio. Ana haja ya kinyoleo kingine.

6.4 Kulegeza mpini

Njia ya mwisho ndiyo inayopendekezwa kwa wepesi zaidi, nayo ndiyo inayohitaji kutahadhariwa zaidi. Katika vinyoleo vya mwanzo vya Gillette, kulegeza mpini kidogo kulikuwa sehemu ya muundo. Mpini ukilegezwa, mpindo wa wembe ulipungua na makali yakasogea mbali na kinga. Kwa hivyo ushauri huo una asili ya kweli. Vinyoleo vingi vya baadaye, hata hivyo, hutegemea kubanwa kikamilifu. Vikilegezwa, wembe haupati mahali pengine pa kutulia. Hutetema juu ya ngozi, na wembe unaotetema hukata usikotarajiwa. Huu ni mfano mzuri wa maelekezo yaliyokuwa sahihi kwa chombo kimoja yakageuka hatari kwa kingine, kwa sababu tu vyote viwili viliitwa jina moja.

7.0 Mpaka wa Ukali

Swali ambalo mwenye kinyoleo kipole hajiulizi mara nyingi ni hili: je, ngozi yake inauhitaji ukali anaoutafuta? Kwa wanaume wengi Waafrika swali hili si la mapambo. Ndevu zinazojikunja zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha yake huchongoka, na udevu unapoota tena hujipinda na kujichoma ndani ya ngozi. Mwili huupokea udevu huo kama mwiba. Hapo huzuka vipele vya ndevu, hasa shingoni na chini ya taya, ambavyo huuma, huacha madoa meusi na wakati mwingine makovu.

Kwa mtu wa namna hiyo, kinyoleo kinachoacha kivuli cha ndevu si kibovu. Kinamtendea wema. Ukali ukiongezwa, uso utakuwa laini kwa siku moja na kuvimba kwa wiki nzima. Inashauriwa anyoe kwa kufuata mwelekeo wa ndevu, asiivute ngozi ili ikaze, asipite mahali pamoja mara nyingi, na aridhike na unyoaji usio wa kikomo. Ambaye tayari ana vipele vilivyovimba afadhali apumzishe wembe na kuzipunguza ndevu kwa mashine ya umeme hadi ngozi itulie. Vikizidi, amwone daktari wa ngozi.

Kutokana na haya, kipimo cha kinyoleo kizuri si ulaini wa shavu dakika tano baada ya kunyoa. Ni hali ya ngozi siku tatu baadaye.

8.0 Mafunzo kwa Mwandishi wa Maelekezo

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kujifunza mambo kadhaa ya uandishi kutokana na kifaa hiki kidogo.

Kwanza, kila sehemu ipewe jina moja na jina hilo lishikiliwe. Katika ushairi na riwaya, kutumia visawe ni pambo. Katika maelekezo ni hatari. Mwandishi anayekiita kitu kimoja "bamba", kisha "sahani", kisha "kitako", amemfanya msomaji atafute vitu vitatu.

Pili, sifa iambatanishwe na kitu chake. "Mkali", "butu" na "pole" ni vivumishi vyepesi kutamkwa, lakini havina maana ya kiufundi hadi pale panapojulikana vinaeleza nini. Wembe mkali ndani ya kinyoleo kipole si kinaya. Ni hali ya kawaida, na aghalabu ndiyo hali bora.

Tatu, istilahi zitafutwe nyumbani kabla ya kukopwa. "Mwanya", "mchomozo", "hesi", "bamba" na "kinga" ama yalikuwamo katika lugha au yanatokana na mizizi yake. Kauli ya kutendea, ambayo wanafunzi wengi huikariri kwa ajili ya mtihani, ni karakana nzima ya majina ya vifaa. Hii haimaanishi kukataa ukopaji. "Skrubu" imeshazoeleka na hakuna sababu ya kuifukuza.

Nne, maelekezo mema husema pia wakati wa kutofanya. Mwandishi aliyeeleza jinsi ya kutengeneza kiinulio bila kutaja vipele vya ndevu ameeleza nusu ya ukweli, hata kama kila sentensi yake ni sahihi.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kinyoleo kinachonyoa kwa upole kupita kiasi huweza kurekebishwa kwa kirekebishi, kwa bamba jingine au kwa kiinulio cha sehemu moja ya kumi ya milimita, na kwamba kabla ya yote hayo hupaswa kutanguliwa na wembe mpya, usafi, maji na pembe sahihi. Yameonyesha vilevile kuwa upole huo uliwekwa kwa makusudi, na kwamba kwa wengi miongoni mwa wanaonyoa katika eneo hili ni kinga ya afya. Hatimaye, yamedai kuwa urekebishaji huanza kwa kutaja. Anayesema "wembe haunyoi" amelalamika tu. Anayesema "mwanya wa kinyoleo hiki ni mdogo" amekwisha kuanza kukitengeneza.

Maswali ya Mjadala

1. Chagua kifaa kimoja cha nyumbani chenye sehemu zisizopungua tatu. Taja kila sehemu kwa Kiswahili, ukieleza ni majina yapi yaliyokuwapo, yapi umeyaunda na yapi umeyakopa.

2. Linganisha matumizi ya "ukali" katika vifungu hivi: ukali wa kisu, ukali wa jua, ukali wa mwalimu. Je, ni wapi maana ya msingi inapokoma na maana ya sitiari kuanza?

3. Andika upya agizo "badilisha wembe" kwa namna mbili zisizoweza kuchanganywa.

4. Je, methali inayofumbata maarifa ya kazi hupoteza lolote pale kazi hiyo inapobadilika? Jibu kwa kurejelea "Kinyozi hajinyoi".